Mwalimu wa Afya Naye Apimwe

(Maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa parokia)



Leo tunataka kusema juu ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaokuja vijijini kujifunza ualimu wa afya. Ni watoto wetu na tunawapenda. Lakini tumejifunza jambo moja: kabla mtu hajafundisha, apimwe kwanza.

Wanne walipokuja kwetu tuliwauliza: mtoto akihara, na dawa ya pakiti hakuna, tufanye nini? Walieleza vizuri sana jinsi mwili unavyokauka. Basi tukawaletea maji, sukari, chumvi na vijiko, tukasema, "Haya, tuonyesheni." Hapo ndipo kazi ikawa ngumu. Mmoja alishika kijiko cha mezani. Mwingine alijaza chumvi kijiko kizima. Ndugu zetu, chumvi ikizidi yaweza kumwua mtoto!

Hatukuwacheka. Tulijipima sisi wenyewe, na wengi wetu tukaanguka. Wengine tulidhani mtoto anayehara asinyonye. Sivyo! Anyonye zaidi, na kama ameanza kula, aendelee kula.

Ndipo tukaketi pamoja na muuguzi wa zahanati, wanafunzi na sisi, tukakubaliana hivi:

1. Dawa ya pakiti (ORS) ndiyo bora. Soma maandishi, maana pakiti nyingine ni ya maji nusu lita, nyingine ya lita moja.

2. Pakiti ikikosekana: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe, visirundikwe. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga.

3. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha.

4. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakidumbukia au akihara damu, usingoje. Mpeleke hospitali.

Sasa, kupima ujuzi ni vipi? Usimwulize mtu, "Unajua?" Kila mmoja atasema ndiyo. Mwambie, "Nionyeshe." Kisha umrudie baada ya majuma mawili uone kama bado anakumbuka. Wale wahudumu wa afya ya jamii waliotumwa nyumba kwa nyumba kote nchini mwaka 2023, nao tuwaombe watuonyeshe, kwa heshima. Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau mtu.

Yule kijana wa kijiko cha mezani, kabla ya kuondoka, alitufundisha tena mwenyewe, na safari hii hakukosea hata kidogo. Akina mama walimpigia vigelegele.

Je, kikundi chako kitaanza lini kujipima? Leteni vijiko mkutano ujao.