Kukonda si karuho: chakula, vidonge vya nyongeza na ugonjwa wa tezi ya shingo

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano wa wanamemba



Leo komite ya afya imeomba nafasi ya kusema juu ya ugonjwa ambao ulipita mbele ya macho yetu na hatukuutambua. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana asiyekubali kosa hajifunzi.

Munamukumbuka wote mama mwenzetu wa kundi la sabuni. Yeye mwenyewe ameturuhusu tusimulie habari yake, ila bila kutaja jina. Alipojiandikisha kwetu alikuwa na kilo 61. Kwa muda wa miezi saba alishuka mpaka 47. Na alikuwa anakula! Njo kilichotushangaza. Anamaliza sahani ya bugali, nusu saa haijapita anatafuta tena muhogo wa kuchoma. Usiku hapati usingizi. Jasho linamtoka wakati sisi wengine tunajifunika. Mikono inatetemeka mpaka sabuni inaanguka, moyo unapiga kama wa mtu aliyepanda mlima mbio.

Sisi tulisema nini? Kwanza tulinong'ona kwamba ni SIDA. Kipimo kikasema hapana. Tukasema kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Halafu lile neno likatoka: "Ule bamemupatia karuho." Na neno la karuho likishatoka, lazima litafute mtu wa kubebeshwa. Jirani yake, mama mjane ambaye walirudi naye katika meli moja kutoka Kigoma mpaka Baraka, akaanza kuangaliwa vibaya. Watoto wakakatazwa kupokea chakula kwake. Pesa ya kese ambayo ingempeleka mgonjwa hospitali, sisi tulikubali imlipe mtu wa kutapisha sumu. Mama akatapishwa siku tatu. Alitoka pale na kilo 45.

Aliyemuokoa ni muuguzi mmoja wa kituo cha afya. Alimwambia anyooshe shingo na ameze maji. Uvimbe mdogo ukapanda na kushuka pamoja na koo. Akasema: "Mama, hii ni tezi. Haina mulozi." Damu ikatumwa mjini, na majibu yakarudi: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi.

Tezi hiyo ni nini?

Ni kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo, kimekaa mbele ya shingo chini ya kongomeo. Kwa Kifaransa wanaiita tiroide. Inachukua madini ya iodini kutoka katika chakula na kutengeneza homoni inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Fikirieni mbabula. Ukipuliza upepo mwingi, makaa yanawaka kwa nguvu na kuisha haraka. Unaongeza makaa, yanaisha tena. Njo mwili wa mtu ambaye tezi yake inakimbia: anakula lakini chakula hakikai. Tezi ikilegea, mambo yanageuka: mtu anachoka, anasikia baridi, choo kinakuwa kigumu, uzito unapanda.

Sisi watu wa Kivu hatupaswi kushangaa. Milima yetu imeoshwa na mvua, udongo una iodini kidogo, na rovu linajulikana tangu wakati wa babu zetu. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilichunguzwa na waganga tangu miaka ya 1960 kwa sababu watu wengi huko walikuwa na rovu. Baadaye chumvi yenye iodini ikafika. Ilileta faida kubwa sana, kwa sababu mtoto akikosa iodini tumboni mwa mama yake, akili yake inaumia na haitengenezeki tena. Lakini mwaka 1996 waganga waliandika pia kwamba hapa Kivu, watu wengine wenye rovu la zamani walipopata iodini, tezi yao ilianza kukimbia. Kwa hiyo mtu mzima mwenye rovu la miaka mingi, akianza kukonda na moyo kupiga mbio, asikae nyumbani. Kuna sababu nyingine pia za tezi kukimbia, njo maana kipimo cha damu kinatakiwa.

Chakula

Wa kwanza kujua: hakuna chakula kinachoponya tezi inayokimbia. Dawa njo inaituliza. Chakula kinazuia mwili usijile wakati dawa inafanya kazi yake, na dawa inaomba wiki kadhaa kabla mtu hajasikia nafuu.

Tulichofanya na mama yetu ni hiki. Tuliacha milo miwili mikubwa, tukagawa mara tano kwa siku. Asubuhi uji wenye karanga za kusaga. Saa nne ndizi au avoka. Mchana bugali, maharagi na lenga-lenga iliyotiwa mafuta ya mawese. Jioni tena karanga au yai, kama linapatikana. Usiku wali au viazi na ndagala. Hakuna kitu cha bei kubwa hapo. Mafuta na karanga vinaongeza nguvu bila kujaza tumbo. Ndagala inaliwa pamoja na mifupa yake, na hiyo ni muhimu, kwa sababu tezi ikikimbia muda mrefu inakula hata mifupa ya mtu. Kahawa, chai nzito na vinywaji vya nguvu vya kwenye chupa tuliviondoa, maana vinaongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.

Juu ya muhogo: wengine walisema, kwa kuwa muhogo mchungu unazuia tezi kuchukua iodini, basi mgonjwa ale muhogo ambao haukulowekwa vizuri ili tezi itulie. Hapana kabisa. Ile ni sumu. Inaweza kuleta konzo na kulemaza miguu. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu, uanikwe mpaka ukauke. Sombe itwangwe na ichemshwe muda mrefu.

Vidonge vya nyongeza

Hapa tunaomba masikio yenu yote. Mtu akikonda, kila muuzaji ana kopo lake. Mama yetu aliletewa vidonge vya mwani wa baharini, vimeandikwa kwamba ni vya tiroide. Mwani una iodini nyingi sana. Kwa tezi inayokimbia, hiyo ni kumwaga petroli juu ya mbabula.

Wengine wanaleta seleniamu. Huko kaskazini mwa nchi yetu, upande wa Ubangi, watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwapa seleniamu watu waliokosa iodini na ambao tezi yao ilikuwa dhaifu. Homoni yao ikashuka zaidi. Wale walikuwa na ugonjwa tofauti na wa mama yetu, lakini somo ni moja: hata kitu kizuri, kikitolewa bila kupima, kinaweza kuharibu.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kudanganya kipimo cha tezi. Umwambie munganga kama unavimeza, na uviache siku mbili au zaidi kabla ya kutolewa damu, vile atakavyokuambia. Na kwa wale ambao tezi yao imelegea na wanameza levothiroksini: mumeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya damu vyenye chuma na vile vya kalisi vikae mbali nayo kwa saa nne.

Chumvi ya nyumba musiitoe. Mtu mzima anahitaji iodini kidogo tu, maikrogramu 150 kwa siku, mwenye mimba 250. Mgonjwa aulize munganga juu yake mwenyewe, lakini watoto na wamama wenye mimba wa nyumba ile wasinyimwe. Chumvi ikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Dawa na hatari zake

Mama yetu alipewa karbimazoli ya kutuliza tezi na propranololi ya kupunguza mbio za moyo. Mwenye pumu amwambie munganga kabla ya kumeza propranololi. Mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, aseme pia mapema, kwa sababu dawa ya tezi inaweza kubadilishwa.

Na hili mulishike: mtu anayemeza karbimazoli akipata homa pamoja na koo kuuma, asiseme ni malaria tu. Asimeze kidonge kingine, aende siku ile ile kupimwa damu, kwa sababu mara chache dawa hiyo inaangusha chembe nyeupe zinazolinda mwili. Lakini kuacha dawa eti kwa sababu umenenepa, hapana. Mara nyingi matibabu yanadumu mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu.

Hapo njo tulianguka mara ya pili. Mwezi wa nne wa dawa kese ilikuwa tupu, mama akakaa wiki tano bila kidonge. Kilo nne alizokuwa amepata zikaenda zote. Tunawaambia marafiki wanaotusaidia bila kuficha: mara nyingi kumpeleka mgonjwa hospitali tunaweza. Kinachotushinda ni mwezi wa nne, wa tano, wa kumi. Mukituuliza musaada wenu uende wapi, jibu letu ni hapo.

Tulichokata

Kwanza, mizani ya kundi itatumika kila mwezi, na mwenye kutaka atapimwa. Mtu akipoteza sehemu moja ya 20 ya uzito wake bila kutaka, yaani kilo tatu kwa mwenye 60, ndani ya miezi sita mpaka mwaka, anaenda kituo cha afya. Inaweza kuwa tezi, sukari, kifua kikuu au kitu kingine. Pili, kese italipa safari na vipimo, na haitalipa tena mtu wa kutapisha. Tatu, dawa ya mgonjwa wa muda mrefu itanunuliwa kwa miezi mitatu kwa mara moja.

Leo mama yetu ana kilo 56. Amerudi kwenye sabuni, na mikono haitetemeki.

Linabaki deni moja ambalo kese haiwezi kulipa. Yule jirani mjane yuko hapa ndani, amekaa karibu na mlango kama alivyozoea tangu tulipomtenga. Mama, sisi komite tulisikia neno la karuho na hatukulizuia. Mbele ya watu wote hawa tunakuomba musamaha. Na tunakuomba uje ukae hapa mbele.