Bakteria Hula Mafuta, Lakini Tusiwaachie Kazi Yetu

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha mafundi wa gereji, wahudumu wa bodaboda na wavuvi wa hori ya Port Reitz, Mombasa. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nianze kwa kukiri kwamba nilisomea uandishi wa habari, si sayansi. Kazi yangu ni kusoma wanayoandika wataalamu, kisha kuyaleta kwenu kwa lugha tunayoelewana. Leo nimekuja kujibu swali la fundi mmoja. Tulikuwa tumesimama kando ya mtaro karibu na gereji yake, na maji yalikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Akaniambia, "Bwana afisa, nimesikia kuna bakteria wanaokula mafuta. Si kaunti iwalete, wamwagwe hapa, mambo yaishe?"

Jibu ni kwamba bakteria hao wapo kweli, na wala hawahitaji kuletwa. Yamkini wako katika mtaro huo huo tayari. Lakini mambo hayataisha, na nitaeleza kwa nini.

Hapa mbele nina karai la maji. Natia matone machache ya mafuta ya kupikia. Mnaona yanatanda juu, kwa kuwa mafuta na maji hayapatani. Sasa nadondosha tone moja la sabuni ya vyombo katikati. Mmeona mafuta yalivyokimbilia pembeni? Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika maji na nyingine hushika mafuta, kwa hivyo inawapatanisha hao wawili wasiopatana.

Bakteria anayeishi kwenye udongo uliomwagikiwa mafuta ana shida hiyo hiyo. Yeye ni kiumbe wa majimaji, na chakula chake kiko ndani ya mafuta. Basi baadhi yao hujitengenezea sabuni yao wenyewe. Wataalamu huiita biosafaktanti, yaani sabuni itokayo kwa kiumbe hai. Sabuni hiyo huyavunja mafuta yakawa matone madogo madogo, na bakteria wengi wakapata mahali pa kushika na kula.

Mmoja wao ni Pseudomonas aeruginosa, ambaye sabuni yake huitwa ramnolipidi. Mwingine ni Bacillus subtilis, bakteria wa kawaida wa udongoni. Sabuni yake, safaktini, ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 1968. Kuna nguvu inayoushika uso wa maji, ile inayomwezesha mdudu kutembea juu ya maji bila kuzama. Kwa maji safi nguvu hiyo ni takriban milinewtoni 72 kwa mita. Safaktini kidogo tu huishusha hadi karibu 27. Baharini nako yuko Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya na kuelezwa mwaka 1998. Huyu chakula chake karibu chote ni mafuta.

Wanasayansi huwatafuta wapi? Pale pale sisi tunapopaona pachafu, yaani udongo wa gereji, visima vya mafuta na bandari. Huchota udongo kidogo, wakautia katika maji yenye madini lakini chakula pekee kilichomo ni mafuta. Atakayestawi humo ndiye mlaji. Kisha hufanya jaribio kama hili la karai: hudondosha maji aliyokuzwa bakteria huyo juu ya utando wa mafuta. Utando ukifunguka duara safi, wanajua ametengeneza sabuni.

Hii si habari ndogo. Mwaka 2010, kisima cha mafuta kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11, takriban lita milioni 7 za dawa za viwandani za kutawanya mafuta zilitumika. Hadi leo wanasayansi wanabishana iwapo dawa hizo ziliwasaidia bakteria au ziliwakwaza. Sabuni za bakteria kwa kawaida huoza zenyewe, ndiyo maana watafiti wengi wanazitumainia.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa maana hapa ndipo penye jibu la fundi wetu.

Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi katika pwani ya Alaska, Marekani. Wahusika walinyunyiza mbolea ufuoni ili bakteria wa pale pale wapate naitrojeni na fosforasi. Ilisaidia. Mafuta yalioza haraka zaidi palipotiwa mbolea. Lakini zaidi ya miaka 20 baadaye, waliochimba chini ya mawe ya baadhi ya fuo hizo walikuta mafuta bado yapo. Hewa haikufika huko chini, na bakteria hawa bila hewa kazi yao hudorora mno. Tope la mikoko yetu nalo halina hewa. Wavuvi wa hapa wanakumbuka mwaka 2005, mafuta ya meli yalipoingia katika hori hii, na mikoko ikafa.

Tutazame pia Ogoni, kule Nigeria. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kwamba kuisafisha ardhi na maji ya eneo hilo kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Katika kijiji kimoja watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, sumu iletayo saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Nigeria ina joto, ina mvua, na bakteria haikosi. Bado mafuta yaliwahi kisimani kabla yao.

Tena, oili chafu ya injini si mafuta matupu. Hubeba chembe za metali kama risasi na zinki. Hakuna bakteria anayeweza kula metali ikaisha. Mafuta yakiliwa, zenyewe hubaki udongoni.

Kwa hivyo nawaomba mambo manne.

Kwanza, oili chafu iingie mtungini, isiingie mtaroni. Fundi aliniambia wakusanyaji hawaji kwa lita tano. Ni kweli. Basi gereji za mtaa mmoja ziungane zijaze pipa moja, kisha liuzwe kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.

Pili, oili ikimwagika sakafuni, usiioshe kwa sabuni ya unga. Mmeona kwenye karai kwamba sabuni haikuyaondoa mafuta, iliyasukuma tu. Ukiosha, unayasafirisha hadi horini. Mwaga maranda au mchanga, yanyonye, kisha uyazoe na kuyaweka kando na taka za kawaida.

Tatu, asiwepo wa kuchota tope la gereji na kufuga bakteria nyumbani, wala kununua chupa ya "dawa ya mafuta" kwa mchuuzi asiyejulikana. Huyo Pseudomonas niliyemtaja huambukiza vidonda, majeraha ya moto na macho. Kazi yake ifanywe na waliofunzwa.

Nne, ukiona mafuta mtaroni au ufuoni, mwambie mara moja afisa wa mazingira wa wadi au kiongozi wa BMU. Mafuta ya leo yanaweza kuzuiwa. Ya mwezi uliopita yameshazama topeni.

Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mmoja wetu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga mafuta katika mazingira, na aliyechafua ndiye hulipia usafi. Nasi wa kaunti tuna wajibu wetu, na mna haki ya kutuuliza kuhusu mitaro na taka.

Mwambieni fundi wangu kwamba bakteria wake wako kazini usiku na mchana, bila mshahara. Lakini wanakula polepole, nasi tunamwaga kwa debe. Tukiacha kumwaga, watatufikia.