Kuwazoeza Watoto Wetu Kusema Mbele za Watu

 

Usiku wa Maulidi huwasikia watoto wetu wa chuoni wakisoma mbele ya mji mzima, wala sauti haitetemeki. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa jambo shuleni kwa Kireno, huinamisha kichwa. Hata mimi nilikuwa hivyo. Siku moja jawabu nilikuwa nalo, nikakosea neno moja, darasa zima likacheka. Mwaka ule sikufungua kinywa tena.

Basi mtoto huyu si mwoga. Kusoma amezoezwa, kusema maneno yake mwenyewe hakuzoezwa. Na kosa ni letu wazazi, maana twahesabu kuwa kunyamaza ndiyo adabu. Adabu ni kujua namna ya kusema na wakati wake. Nabii Musa (A.S.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, tena ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa alimshinda kwa ufasaha. Twawezaje basi kumlaumu mtoto asiyesaidiwa na mtu?

Jambo hili si pambo. Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na ya Palma ya Machi 2021, watoto wengi wamekimbia makwao, wakafika ugenini na kutakiwa waeleze jina, ukoo na watokako. Na vijana wengine wamechukuliwa kwa maneno matamu. Asiyezoea kuuliza humfuata kila mwenye ulimi.

Kwa hiyo nashauri: kila Alhamisi jioni watoto watatu, wa kike na wa kiume, wasimame uani, kila mmoja aeleze jambo alijualo, kama kutega samaki au kusuka ukili. Aanze kwa Kimwani au Kiswahili, kisha kwa Kireno. Wenzake wamwulize masuali mawili. Akikosea, asahihishwe akiisha kumaliza. Na atakayecheka, ndiye atakayefuata kusimama.

Nasi wazee kazi yetu ni moja: kuketi na kumsikiliza mpaka mwisho.

Wabillahi tawfiq.