Zambezi na Watu wa Kingo Mbili



Mto Zambezi ni mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Lakini Watonga, waliokaa kingo zote mbili, hawakuuhesabu kuwa mpaka. Walivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa na kuzika, wakalima udongo ulioachwa na mafuriko.

Ukuta wa Kariba ulijengwa miaka ya 1955 hata 1959, kimo chake mita 128, na bonde lile likawa ziwa. Watu wapatao 57,000 walihamishwa. Mwaka 1958 baadhi yao walikataa, polisi wakapiga risasi, wakafa 8. Wanyama zaidi ya 6,000 waliokolewa kwa mashua, na sifa za kazi hiyo zikaenea ulimwenguni. Watu walipakiwa malorini, wakashushwa penye ardhi kavu, jamaa na jamaa wakitengwa na maji. Sisi makarani twajua kwamba uhamisho huanza kwa orodha: majina, nyumba, malori. Makaburi hayakuwa na safu yake.

Umeme nao ulipita juu ya vichwa vyao kwenda migodi ya shaba na mijini, vijiji vyao vingi vikikaa gizani miaka mingi. Katika ukame wa 2024 ziwa lilishuka mno, hata nchi zote mbili zikakosa umeme saa nyingi kila siku.

Ziwa hilo lina dagaa, nao (msicheke) ni wa kwetu: walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwaka 1967 na 1968. Huko huitwa kapenta, na wavuvi wa pande zote mbili huwavua usiku kwa taa.