Upele wa Mbuzi wa Mjini na Dawa Yake



Nimeombwa kusema machache juu ya upele wa wanyama. Nitasema juu ya mbuzi, kwa kuwa ndiye mnyama aonekanaye katika vichochoro vya Dandora na Korogocho, na ndiye ashushwaye kwa malori huko Kiamaiko. Nyati wa kufugwa, ambao hukamuliwa maziwa katika nchi za India na Misri, nao hushikwa na maradhi haya. Lakini sisi hatunao, na mbogo wetu wa porini si mnyama wa zizi.

Asili ya upele si uchawi. Ni utitiri mdogo mno, usiozidi nusu ya milimita. Jike hutoboa ngozi, huchimba njia ndani yake, na humo hutaga mayai. Baada ya siku 3 au 4 mayai huanguliwa, na kabla ya majuma 3 kupita watoto wamekwisha kuwa wazazi. Mnyama hujikuna ukutani mchana na usiku, manyoya hupukutika, ngozi huwa nene na kufanya magaga. Kisha hukonda, na bei yake hushuka. Mwenye kutegemea mbuzi wawili kwa karo ya shule aijua hasara hiyo bila kuelezwa.

Wengi humpaka mnyama oili chafu ya motokaa. Siwacheki, maana gereji i karibu kuliko daktari. Lakini mbuzi huilamba oili ile, na sumu iliyomo humwingia mwilini.

Dawa iliyo bora ni aivamektini. Chanzo chake ni bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani, na mwaka 2015 mabwana Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hudungwa chini ya ngozi, kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Huua utitiri, ila haiui mayai. Kwa hiyo sindano ya pili haina budi kufuata baada ya siku 14 hivi. Hapo ndipo wengi wapotezapo fedha zao: wakiona mbuzi ametulia, huibana shilingi ya sindano ya pili, na baada ya mwezi upele umerudi. Mbuzi wote wa zizi moja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Matandiko ya zamani yachomwe moto, kwa sababu utitiri huweza kuishi siku kadha nje ya mwili. Mbuzi mgeni atengwe kwanza.

Mbuzi akamuliwaye asidungwe kabla daktari wa wanyama hajaulizwa, kwani dawa hii hutoka katika maziwa, na wanywao ni watoto. Na mtu aliyemshika mbuzi mgonjwa akaanza kuwashwa, aende zahanati. Sindano ya mbuzi si yake.