Mchoro wa Waya Uko Wapi?

Kauli ya wiki hii mmeisikia, hatuna haja ya kuirudia yote. Pikipiki ya umeme ikichomoka yenyewe stejini, ni uzembe wa mwendeshaji. Kazoea ya petroli. Kashika vibaya. Kaipeleka kwa fundi wa mtaani. Basi, mambo yamekwisha, tuingie kwenye habari za michezo.

Kituo hiki hakiko tayari kuingia kwenye habari za michezo.

Waendeshaji wazembe wapo, na walikuwapo tangu enzi za petroli. Linalotukera ni hilo la mwisho, fundi wa mtaani, lililotamkwa kama tusi. Fundi wa mtaani ndiye aliyeibeba bodaboda ya Kenya miaka yote hii. Kabureta anafungua yeye, plagi anasafisha yeye, kebo ikikatika saa kumi na mbili asubuhi anaamshwa yeye. Leo anaambiwa asiguse. Haya, asiguse, na ikiharibika Miritini usiku, mwenye ruhusa ya kugusa yuko wapi? Anaambiwa asiguse na mchoro hapewi. Mchoro wa waya, msikilizaji. Karatasi moja.

Hebu tuseme hicho asichotakiwa kukigusa ni kitu gani. Ndani ya mpini wa kulia, ule wa kuongezea mwendo, hakuna tena kebo inayovuta. Kuna sumaku ndogo na kihisi chake, na zinatoka nyaya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kontrola, mmoja ni negativu, wa tatu unarudisha ishara. Mpini ukiachiliwa, waya wa ishara huwa na kama volti 0.8. Ukizungushwa mpaka mwisho hufika 3.6, mwingine hata 4.2. Kontrola husoma hizo volti, ikajua ipeleke moto kiasi gani kwenye mota.

Sasa waya wa negativu ukatike. Na hukatika, pale shingoni, ambapo usukani unapinda kulia na kushoto kutwa kucha. Mtu angedhani ishara itashuka mpaka sifuri, pikipiki izime. Haishuki. Inapanda, inaelekea volti 5. Kontrola iliyotengenezwa vizuri huona kiwango kimevukwa, ikakata moto. Kontrola ya bei ya kutupa huona mwendeshaji amezungusha mpini mpaka mwisho, na pikipiki inaondoka. Mtu kaachia mpini, anamwita Mola wake, na pikipiki inaondoka. Huo ndio uzembe tulioambiwa?

Na maji je? Mvua za masika zikiingia kwenye soketi, au wale vijana wa kuosha wakielekeza mpira wa presha kwenye usukani (na hupenda kuuelekeza papo hapo), volti 5 huvuja zikaingia kwenye waya wa ishara. Ile 0.8 inakuwa 1.2. Pikipiki inaanza kutambaa, mwendeshaji akiwa amesimama anahesabu chenji. Au inakuwa kinyume: kontrola nyingi zikiwashwa zikakuta ishara iko juu tayari, hukataa kuondoka. Mwendeshaji anadhani betri imekwisha, anakwenda kubadilisha, analipa, anarudi, pikipiki ileile imegoma vilevile. Fundi angejua kwa dakika mbili. Angejua, kama angekuwa na mchoro.

Maana rangi hazisaidii. Kwenye pikipiki hii ishara ni kijani, kwenye ile ni nyeupe, kwenye nyingine ni buluu. Tena mipini mingine haina nyaya tatu, ina sita au saba, kwa sababu imebeba swichi ya mwendo na kipimo cha betri. Waya wa kipimo cha betri una moto wa betri nzima, volti 60 au 72. Fundi anayekisia akiuunganisha huo kwenye njia ya volti 5, kontrola imekufa papo hapo, na deni la mkopo wa pikipiki liko palepale. Halafu tunaambiwa: mmeona? Fundi wa mtaani! Mmemnyima mchoro, mkamcheka alipokisia.

Hata ukinunua mpini mpya unaofanana kabisa na wa zamani, kazi haijaisha. Kontrola nyingi za kisasa huwekewa, kwa programu, volti za kuanzia na volti za kumalizia. Ya kuanzia ikiwekwa chini ya ile inayotoka mpini ukiwa umeachiliwa, mota inazunguka bila kuombwa. Ikiwekwa juu mno, unazungusha nusu nzima kimya, kisha inaruka na abiria wako. Kipimo hicho hurekebishwa kwa simu au kompyuta, na nywila iko kwa kampuni. Nywila iko kwa kampuni, mchoro uko kwa kampuni, lawama ziko kwa fundi.

Tuwe waadilifu. Wenye kampuni wana hoja yao kuhusu betri. Betri ya lithiamu ikifunguliwa na asiyeijua inaweza kuunguza nyumba, na hatumtetei anayeifungua chini ya mwembe. Lakini kihisi cha mpini ni cha volti 5! Volti 5 hazimuui mtu. Kinachomuua ni mpini usiopimwa.

Mwaka 2023, Rais William Ruto alipozindua mpango wa pikipiki za umeme hapa Mombasa, tulipiga makofi, na hatuyajutii. Rwanda wametangulia: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi kama ni ya petroli. Na sisi safari yetu ni hiyohiyo. Ndiyo maana tunauliza sasa, kabla hazijajaa kila kona kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, mchoro uko wapi?

Fundi unayetusikiliza, usikae kungojea ruhusa. Mita unayo. Pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma liwe hewani, usithubutu kuipima likiwa chini. Pima volti 5 zipo au hazipo. Hazipo? Chomoa soketi ya mpini. Zikirudi, shoti iko kwenye mpini. Zisiporudi, tafuta mbele, maana vihisi vya mota mara nyingi hula njia hiyohiyo. Zipo? Weka mita kwenye ishara, zungusha polepole. Zipande polepole. Zikirukaruka, au zikigoma kurudi chini, tupa mpini huo, usimrudishie mteja. Na kila unapougundua mpangilio wa nyaya za aina fulani, uchore, uupige picha, umpe fundi mwenzako. Kama hawatoi mchoro, tuutengeneze wenyewe!

Na nyinyi waendeshaji, msidhani mmesalimika. Ile swichi ya breki, inayokata moto unapokamata breki, ni nani anayeichomoa? Ni nyinyi, kwa sababu inawasumbua mlimani. Irudisheni! Irudisheni leo! Ndiyo itakayosimama kati yako na ukuta siku waya wa negativu utakapokatika. Wenye steji, changeni mnunue mita moja ya wote. Wanaotia sahihi mikopo wiki hii, msitie mpaka mkabidhiwe mchoro mkononi, si ahadi ya mchoro. Na mnaokagua viwango bandarini, kateni waya wa negativu mbele ya muuzaji, muone pikipiki itafanya nini. Ikikimbia, irudi ilikotoka!

Kesho alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, stendi kubwa, zungusha mpini kidogo, kamata breki. Mota isiposimama, usitoke. Wapigie waliokuuzia, waje wao stejini, na waje na mita.