Filamu ya Mugen Train: Shabiki na Mgeni

Msikilizaji, tuiangalie Demon Slayer: Mugen Train, filamu ya katuni ya Kijapani. Ilitoka Oktoba 2020, na kabla ya mwaka kwisha ikaipiku filamu ya Spirited Away kwa mapato nchini Japani. Hata hivyo, watazamaji wamegawanyika. Kwa upande mmoja, waliofuata vipindi 26 vya televisheni vilivyoitangulia wanafurahi kuona hadithi ikiendelea palepale ilipoishia. Ushujaa wa mhusika Rengoku unawatoa machozi. Kwa upande wa pili, mgeni haelezwi hata kwa nini mhusika Nezuko anabebwa sandukuni. Jambo hili lina uzito, kwa sababu tiketi hununuliwa kwa fedha ya jasho. Lakini maelezo marefu nayo yangewachosha mashabiki. Basi tujiulize: filamu iliyozaliwa na televisheni imfikirie nani kwanza?